Golikipa wa Kambi ya Juu

Jeneza lilikuwa lile lile.

Inspekta alilitambua kwa fundo la mti ubavuni mwake, fundo jeusi lenye umbo la jicho. Katika picha ya kwanza lilibebwa na mateka wanne waliovua kofia. Katika ya pili wabebaji walikuwa wengine, shimo jingine, msalaba wenye jina jingine, ila jicho lilikuwa lile lile. Alitembea ukuta mzima wa studio taratibu, mikono nyuma, na kila palipozikwa mtu jicho lile lilimtazama.

"Sakafu yake ilikuwa na bawaba," alisema Binti nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Baba alisema wakifika shimoni wanavuta kamba, mtu anaanguka chini na blanketi lake, jeneza linarudi stoo kumsubiri mwingine. Lilikuwa la picha tu. Ili wageni wa misaada waone mateka wanazikwa kama watu."

Inspekta aligeukia picha nyingine. Alikuwa ameona maiti wengi kazini, wa kisu, wa maji, wa moto, na kila siku alirudi nyumbani akala. Lakini chumba hiki kilimtia ubaridi wa mgongo. Watu wote ukutani, wanaopanga foleni ya uji, wanaonyolewa, wanaoimba kwaya wakiwa wamekonda kama fito, walitazama mahali pamoja: pale kamera ilipowekwa. Yaani pale pale aliposimama yeye.

Aliyewapiga picha hizo alikuwa Fundi Picha, baba yake Binti. Wakati wa vita alikuwa kijana, naye mateka kama wao, mpaka mkuu wa kambi alipogundua kwamba anajua kutumia kamera. Tangu hapo kazi yake ikawa kupiga picha za kuonyesha kwamba kambini mambo ni shwari. Picha zenyewe askari walizisafisha wenyewe, wakazichukua. Vioo vya negativu aliviiba kimoja kimoja, akavificha, akatoka navyo vita vilipokwisha. Maisha yake yote hakuvigusa. Mwaka huu ndipo chama cha mateka wa zamani kilipomwomba aandae maonyesho, akavitoa sandukuni na kuanza kutengeneza picha kwavyo.

Juzi asubuhi alikutwa chini ya ngazi za studio yake, shingo imevunjika.

Sajini alikuwa ameshaandika kwamba ni ajali. Mzee ana mtoto wa jicho, ngazi ni za mbao na zimesimama kama za kupandia dari. Unataka nini tena? Binti peke yake ndiye aliyekataa. Alikuja kituoni akakaa kwenye benchi tangu asubuhi bila kusema kitu, na Inspekta alipomuuliza ana shida gani, alisema tu kwamba baba yake angeweza kuzishuka ngazi zile akiwa amelala, na kwamba kuna picha haipo.

"Hapa?" aliuliza Inspekta.

Binti alionyesha. Kati ya kwaya na foleni ya uji palikuwa na nafasi tupu yenye pini nne. Kwenye pini moja kilibaki kipande cha karatasi, kona ya picha, kilichochanika. Mtu aliyeitoa hakuwa na muda wa kung'oa pini.

"Ilikuwa picha ya nini?"

"Sijui, dada. Baba alibandika usiku wa mwisho, mimi nilikuwa nimeshaenda kulala kwa shangazi."

Mtu wa kwanza kufikiriwa alikuwa Muuza Viatu, ambaye duka lake lilitazamana na studio ng'ambo ya barabara. Wiki nzima alikuwa akipiga kelele kwamba baba yake alikufa kambini, na kwamba yeyote atakayelitundika kaburi la baba yake ukutani kama kalenda atakiona cha mtema kuni. Majirani watatu walimsikia. Inspekta alivuka barabara na kumkuta Sajini ameshaanza kumhoji, na mambo hayaendi vizuri.

"Mimi nilisema nitamvunja," Muuza Viatu alikuwa akisema. "Sikusema nimemvunja. Hata wewe afande, viatu vyako hivyo nimesema mara ngapi nitavitupa jaani? Si bado umevivaa?"

Sajini alitazama viatu vyake kabla hajajizuia.

Inspekta alimuuliza kwa upole kama aliwahi kupanda studio. Muuza Viatu aliweka brashi ya viatu juu ya kaunta. Akakiri kwamba alipanda, siku moja kabla ya kifo, mchana, na nia yake haikuwa njema. Alimkuta mzee mezani na picha ya mazishi ya baba yake mbele yake. Mzee hakubishana. Aliichukua picha, akaipangusa kwa mkono wa shati, akampa. Kisha wakalia wote wawili, jambo ambalo Muuza Viatu aliomba lisiandikwe.

"Iko wapi?"

Aliinama chini ya kaunta, akaitoa kwenye boksi la viatu, imefungwa kwa karatasi nyembamba. Inspekta aliigeuza huku na huku. Kona zake zote nne zilikuwa nzima, hazina hata tundu la pini. Hii haikupata kubandikwa ukutani.

"Aliniambia kitu," alisema Muuza Viatu, macho yakiwa kwenye picha. "Alisema, mwanangu, mimi hawa watu nimewajua kichwa chini miguu juu, na mwaka huu ndio nimewageuza. Nikajua uzee huo. Akasema yuko mmoja ambaye kila akimgeuza hapati usingizi."

Inspekta alimwambia Sajini abaki dukani, aandike maelezo, asiondoe macho kwenye mlango wa studio. Alirudi peke yake. Njiani alijiuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu jana: aliyeiba picha, aliiba nini hasa?

Alimuuliza Binti, naye akalielewa kabla halijaisha. Vioo vilikuwa sandukuni, alisema. Picha ni karatasi; hata ukichoma mia, kioo kikiwepo unatoa nyingine. Asiyejua kazi hii huona karatasi akadhani ndiyo yote.

Walivitoa kimoja kimoja, wakavitazama dirishani na kuvilinganisha na picha za ukutani. Kwaya ilikuwepo. Foleni ya uji ilikuwepo. Ukiacha cha mazishi ya baba yake Muuza Viatu, kilibaki kioo kimoja ambacho hakikuwa na mwenzake ukutani. Watu waliopangwa safu mbili, weusi penye weupe na weupe penye weusi, nyuso kama za mizimu.

"Kazi hii unaiweza?" aliuliza Inspekta.

"Hiyo ndiyo naiweza," alisema Binti. "Ya kuongea ndiyo siwezi."

Chumba cha giza kilikuwa mwisho wa studio, mlango kisha pazia zito jeusi. Ndani taa ndogo nyekundu ilifanya kila kitu kionekane kama kimeoshwa kwa damu: masinia matatu ya dawa, kabati la chupa, mikono ya Binti. Alikilaza kioo juu ya karatasi, akawasha mwanga kidogo, akazima, akaitumbukiza karatasi katika sinia la kwanza na kuanza kulitikisa. Alieleza anachokifanya kwa sababu kimya kilimtisha. Dawa ya kwanza inaitoa picha. Ya pili ni maji ya kuituliza. Ya tatu inaikaza, na kabla haijakaa ndani ya hiyo ya tatu usithubutu kuwasha taa, itageuka nyeusi yote.

"Baba yako alimaanisha nini," aliuliza Inspekta, "kwamba aliwajua watu kichwa chini?"

"Kamera yenyewe. Ile ya sanduku, yenye ngozi ya kujikunja. Unajifunika kitambaa, na kwenye kioo cha nyuma kila mtu anaonekana miguu juu. Kuzungumza nao alikatazwa. Akimaliza kupiga anarudishwa kibandani kwake. Hakuwahi kuwaona vizuri, dada. Aliwaona hivyo tu."

Karatasi ilianza kubadilika. Kwanza magoti. Kisha mpira na mikono iliyoukumbatia. Kisha nyuso, moja baada ya nyingine, zikapanda kutoka chini ya dawa kama za watu waliozama wanaorudishwa na maji. Ilikuwa timu ya mpira. Mbele yao kibao kiliandikwa kwa chokaa: KAMBI YA JUU. Katikati, aliyeketi na jezi ya golikipa akiukumbatia mpira, alikuwa kijana mwenye paji pana la uso na tabasamu la kuvuta mdomo upande mmoja.

Binti aliacha kulitikisa sinia.

"Huyu ni Baba Mdogo," alisema.

Baba Mdogo hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa Mwenyekiti wa chama cha mateka wa zamani, rafiki wa Fundi Picha tangu Binti hajazaliwa, mtu aliyemlipia shule, aliyekuwa anampandisha mabegani. Jana tu alikuwa msibani, akipokea wageni. Inspekta aliyakumbuka maelezo yake neno kwa neno maana yalikuwa mafupi. Siku ya kifo alikuwa nyumbani, mgongo unamuuma. Picha za maonyesho alikuwa hajaziona hata moja. Alisubiri siku ya ufunguzi kama wengine. Na kuhusu kambi, yeye aliletwa miezi ya mwisho, akawekwa Kambi ya Chini, iliyotengwa na ile ya Juu kwa ua. Kambi ya Juu hakuwahi kuikanyaga.

"Golikipa wa Kambi ya Juu alikuwa nani?" aliuliza Inspekta.

Binti alijua jibu. Kila mtoto wa mateka alilijua. Aliihamisha karatasi kwenye sinia la pili kwa koleo, na koleo likagongagonga ukingo wa sinia.

"Kasuku," alisema.

Hakuna mateka aliyelitaja jina hilo bila kutema mate. Kasuku alikuwa masikio ya mkuu wa kambi. Wenzake walipochimba njia chini ya ua, yeye ndiye aliyepeleka habari, wakapigwa risasi wote waliokuwa ndani, na wajane wao wengine bado wako hai. Ndiyo maana ya ule utani mchungu wa wazee: golikipa hodari, mpira haukumpita hata mmoja, ila maneno yote yalimponyoka. Baadaye alikufa kwa homa, na picha ya mazishi yake ilikuwa ukutani, nje tu ya pazia.

"Labda Kasuku alipokufa golini akakaa Baba Mdogo," alisema Binti haraka. "Inawezekana, si inawezekana? Labda aliona haya kusema alikuwa kule. Watu wa kule walitukanwa wote."

Inspekta alitamani iwe hivyo. 

"Iweke kwenye dawa ya tatu," alisema. Kisha: "Hili doa jeupe pembeni ni nini?"

Lilikuwa dogo, kama punje ya mtama, kwenye kona ya juu kulia. Binti alisema ni tundu. Panya waliitafuna ngozi ya kamera, mwanga ukawa unapenya. Baba yake hakuwa na kitu cha kuzibia, na kila alipoikunja kamera tundu lilipanuka.

"Kwa hiyo doa linakua?"

"Linakua tu. Halipungui."

Inspekta alitoka nje ya pazia akaenda ukutani. Kwenye mazishi ya Kasuku, juu kulia, doa lilikuwa kubwa kama harage. Alisimama mbele yake mpaka alipohakikisha kwamba macho yake hayamdanganyi, kisha akarudi gizani.

"Timu ilipigwa picha kwanza," alisema. "Mazishi yalikuja baadaye sana. Golikipa huyu ndiye Kasuku mwenyewe, na jeneza lile lilibeba mtu mwingine."

Binti aliinamia picha tena. Yaliyobaki yalijipanga yenyewe, na Inspekta aliyasema taratibu kwa kuwa yalikuwa mazito. Mateka walikuwa wameshaapa kumuua Kasuku. Mkuu wa kambi akamtafutia njia: mtu asiye na ndugu akafa alipoletwa tu Kambi ya Chini, akazikwa kwa jina la Kasuku, na Kasuku akachukua jina lake, akahamishiwa kule ambako hajulikani. Hilo ndilo jina alilotoka nalo vitani. Ndilo alilochaguliwa nalo kuwa mwenyekiti wa watu aliowauza. Waliomjua uso kule Juu walikufa au walirudi makwao mbali; mtu mmoja tu ndiye aliyeingia kambi zote mbili na kumwona, na yeye alimwona kichwa chini.

"Mpaka mwaka huu," alisema Binti.

Ngazi zililia.

Zililia mara moja, zikanyamaza, zikalia tena. Mtu alikuwa anapanda kwa kupumzika. Inspekta alishika simu, akamwandikia Sajini neno moja. Huenda Sajini alikuwa anaandika maelezo na kichwa amekiinamisha. Huenda hakumwona aliyeingia.

"Binti yangu," sauti ilisema kutoka studio, sauti nene yenye huruma. "Uko humo?"

Inspekta alitikisa kichwa: usijibu. Binti alimsogelea mpaka pumzi yake ikamgusa sikio.

"Akikukuta wewe hatasema kitu," alinong'ona.

Kanuni ilikuwa wazi, raia hafanywi chambo. Na ilikuwa wazi pia kwamba picha ya timu ya mpira haimwelezi hakimu nani alikuwa juu ya ngazi. Inspekta hakupata muda wa kuchagua. Binti alimsukuma nyuma ya kabati la chupa kwa nguvu ambayo hakumdhania kuwa nayo, akarudi kwenye masinia.

"Niko, Baba Mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Uko na nani?"

"Peke yangu."

Pazia lilifunguka kidogo, likafunga. Mwenyekiti aliingia kwa heshima, kofia mkononi, na kwa mwanga ule uso wake haukuwa na macho. Alisimama kati ya Binti na mlango. Alimuuliza kama amekula, Binti akasema amekula. Alimwambia asijichoshe na kazi wakati matanga bado hayajaisha, maonyesho yanaweza kusubiri, tena bora yafutwe, watu waachwe wapumzike. Binti alisema ndiyo kwa kila neno. Kutoka nyuma ya kabati Inspekta aliona mgongo wake tu na koleo lililokuwa likienda na kurudi ndani ya sinia la tatu kana kwamba hakuna kitu muhimu zaidi duniani.

"Nasikia kuna vioo," alisema Mwenyekiti. "Baba yako hakuniambia habari ya vioo."

"Viko sandukuni."

"Utanipa nikutunzie." Alisogea. Akainama juu ya sinia.

Aliitazama picha ya timu, safu hadi safu. Matone ya bomba yalisikika.

"Hata baba yako nilimwomba hivi hivi, kwa wema," alisema hatimaye. Sauti haikubadilika. "Niliiona pale ukutani nikamwambia, ndugu yangu, ishushe tu hii moja, zilizobaki onyesha. Hakutaka. Akataka kushuka kwenda kuwaita watu, saa ile ile, na macho yale. Nikamwambia ngoja. Hakungoja." Akageuka. "Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Mwanangu, usinidanganye. Mimi nimekulea."

"Hakuna, Baba Mdogo."

Mkono wa Mwenyekiti ulipanda ukutani, ukapapasa. Inspekta alidhani anatafuta kitu cha kupigia, akatoka nyuma ya kabati na chupa moja ikaanguka ikavunjika, lakini mkono wa mzee ulikuwa umeshafika kwenye swichi.

"Niliwahi kufungua mlango huu bila hodi," alisema, bila kumtazama yeyote, kama anayezungumza na picha. "Harusi nzima ya watu ikageuka nyeusi. Baba yako hakusema nami mwezi mzima."

Akawasha taa.

Mwanga mweupe uliwapiga macho wote watatu. Mwenyekiti hakumwona Inspekta aliyekuwa ameshamfikia begani. Hakuzisikia ngazi zikilia kwa kishindo cha Sajini anayekimbia. Alikuwa amekaza macho ndani ya sinia, akisubiri picha igeuke nyeusi. Kijana mwenye mpira alimtazama kutoka chini ya dawa, mdomo umevutwa upande mmoja, kila nyasi ya kiwanja ikionekana. Alisubiri. Kijana alibaki pale pale.

Binti aliinyanyua karatasi kwa koleo, ikichuruzika, akaishika juu katikati yao. Mkono wake haukutetemeka tena.

"Imeshakaa ndani ya dawa ya tatu," alisema. "Hii haifutiki, Baba Mdogo."